Kutoka dikte hadi vifuniko vya chupa: jinsi tulivyofunzwa kuandika huku kwetu Katuba

Mliponiomba niandike kitu kwenye ukurasa huu, najua mlifikiri nitaleta habari ya mahindi, maana mimi ni mtu wa agronomia. Mahindi yatakuja siku ingine. Leo naleta swali ambalo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliniuliza mwaka jana tukiwa tumekaa chini ya mwembe katika lupango yetu, huku Katuba.

"Yaya, fraze inaishaka wapi?"

Alikuwa na miaka 19 na alikuwa finalisti kwa mara ya pili. Exetat ya kwanza ilimwangusha. Baba yake alisema wazi mbele ya watu wote wa nyumba kwamba feza ya kumwandikisha italipwa mara hii tu, akianguka tena atakaa na mama yake sokoni kuuza makala. Sehemu kubwa ya Exetat, kama mnavyojua, ni ya kuchagua jibu, na pale hakuwa na shida sana. Lakini kuna disertasio, inayofanywa wiki kadhaa kabla ya mitihani mingine, na pale hakuna jibu la kuchagua. Kuna mada, kuna karatasi nyeupe, na kuna wewe. Mara ya kwanza aliandika utangulizi aliokuwa ameukariri, ule unaoanza na mwanadamu wa tangu zamani za kale, ambao nadhani nusu ya mafinalisti wa mji huu wanaujua kwa kichwa. Kisha akakwama. Alirudisha karatasi yenye mistari sita.

Nilimwambia aniandikie tu habari ya soko: nani anauza nini, nani anagombana na nani. Alijaza ukurasa mzima bila nukta hata moja. Ndipo akaniuliza lile swali. Nilitaka kucheka, lakini nilisimama, kwa sababu mwandiko ule nilikuwa naujua tangu utoto. Kambo wangu, mzazi wa baba, alikuwa boyi kwenye nyumba za wazungu wakati mji bado unaitwa Elisabethville, yaani kabla ya mwaka 1966. Alituachia sanduku la bati lenye barua. Ndani ya zile barua maneno yameshikana kama bukari ya jana, mengine yamekatwa katikati, nukta hakuna. Baba alikuwa akituambia: kambo yenu hakujua kuandika. Nilikua nikiamini vile.

Basi nikaanza kutafuta. Nani alitufunza kuandika, alitufunza namna gani, na juu ya nini watu wanaosema vizuri hivi, wanaoweza kusimulia mechi ya Mazembe saa nzima bila kuchoka, wakipewa karatasi wanakuwa bubu?

Kwangu mimi jibu linaanzia kwenye dikte. Kila mmoja wenu anaikumbuka. Mwalimu anatembea kati ya madawati, anasoma polepole, sisi tunamfuata kwa biki. Anasema "virgil", tunaweka mkato. Anasema "pwe", tunaweka nukta. Angalieni vizuri hapo: nukta ilikuwa ya mwalimu. Miaka sita ya masomo ya msingi tuliweka nukta pale tulipoambiwa, na hakuna siku tuliyoulizwa juu ya nini iko pale. Kisha ilikuja biki nyekundu. Kila kosa lilikata alama, na zikiisha ni zero. Mwenye makosa 10 na mwenye makosa 40 walirudi nyumbani na zero moja.

Nilishangaa kusoma kwamba dikte iliyo maarufu kuliko zote kule Ufaransa ilikuwa mchezo. Mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliandaa dikte ngumu makusudi, imejaa mitego, ili kuwaburudisha watu wa nyumba ya mfalme Napoleon III. Inasimuliwa kwamba mfalme mwenyewe alifanya makosa 75, mke wake Eugénie makosa 62, na aliyewashinda wote alikuwa mgeni, mwana wa Austria aitwaye Metternich, aliyefanya 3 tu. Watu wakacheka. Hakuna aliyepigwa fimbo, na mfalme hakuondolewa kwenye kiti chake juu ya makosa 75. Mchezo ule ulivuka bahari ukafika kwetu, lakini kicheko kilibaki kule.

Na si ajabu. Elisabethville ilianza mwaka 1910, wakati reli ilipofika. Mwaka uliofuata Wasalesiani walikuja kufungua masomo, na Wabenedikto walikuwa pia wanajenga misheni. Masomo ya mkoloni Mbelgiji hayakutafuta mwandishi. Yalitafuta fundi, mkatekista na karani. Karani ni mtu gani? Ni mtu anayeandika bila kosa kile ambacho mwingine amesema. Dikte ni kazi ya karani yenyewe, ikigeuzwa somo. Chuo kikuu kilikuja huku mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Mimi niliyesoma Kasapa nafikiria mara nyingi ile hesabu: miaka 46 ya mji mzima kuandika maneno ya wengine.

Kuna mchezo mwingine wa lugha ambao tulichezeshwa, na huo sitausahau. Kwenye masomo niliyosoma (jina naliacha) kulikuwa na kipande cha mbao kilichofungwa kamba. Tulikiita sembole. Asubuhi mwalimu alimpa mtoto wa kwanza aliyesikika akisema Kiswahili. Yule alipaswa kutega sikio hadi amkamate mwingine, ampe. Mwingine naye vile vile. Jioni, aliyebaki nacho shingoni alipigwa au alilipa faini. Ukiutazama vizuri ni mchezo uliotungwa kwa akili sana: una zamu, una kifaa, una mshindwa. Ulienea sehemu nyingi za Afrika. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya kile walichofanyiwa Kenya kwenye miaka ya 1950, na huko waliovikwa aibu ile ni wale waliosema Kigikuyu. Sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 inasema kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zinatumika kufundishia na zinafundishwa kama somo, pembeni ya Kifaransa. Lakini sembole haikusoma sheria.

Mimi nilikuwa mzuri sana kwenye sembole. Niligundua njia ya kutoshindwa kamwe: kutosema kitu. Nilimaliza mwaka mzima wa nne karibu bila kufungua kinywa, na mwalimu aliniandikia kwamba mimi ni mtoto mwenye adabu. Sasa niambieni, mtoto aliyenyamaza mwaka mzima, ukimwambia aandike "toa maoni yako", ayatoe wapi?

Njo maana sikubaliani na wale wanaosema mchezo kwenye kelasi ni kitu kizuri, basi. Kuna michezo inayofunga kinywa. Mtu anayetaka kuwasaidia wanafunzi kurudia masomo ya kuandika aulize kwanza mchezo wake unafanya nini na kinywa cha mtoto.

Kitu kimoja kutoka masomo yale nilikipenda, nacho ni arduazi, kile kibao cheusi kidogo. Mwalimu anauliza, kila mmoja anaandika jibu, anakiweka kifuani ili jirani asione. Rula inapiga meza, pa! Vibao vyote vinapanda pamoja. Nilifikiri ni desturi ya walimu wetu, kumbe ina historia ndefu. Inaitwa njia ya La Martinière, kwa jina la masomo ya kule Lyon, Ufaransa, ambako mwalimu Charles Tabareau aliianzisha katika karne ya 19. Masomo yale yenyewe yalijengwa kwa urithi wa Claude Martin, mwana wa Lyon aliyetajirika India akiwa mwanajeshi wa Kampuni ya Waingereza na kufa kule mwaka 1800. Mali ya India ikajenga kelasi Ufaransa, na kelasi ile ikatuma kibao hadi Katuba.

Uzuri wa arduazi ni kwamba hakuna anayesimama peke yake mbele ya wengine. Ukikosea, umekosea pamoja na nusu ya kelasi, na unafuta kwa kiganja. Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipokuwa ya bure, Septemba 2019, kuna kelasi ambazo mwalimu hawezi hata kupita kati ya madawati. Kusahihisha makaye ya watoto wote ni ndoto. Vibao anaweza kuviona vyote kwa mara moja.

Basi nilikata vipande vya mbao, nikavipaka rangi nyeusi, na mdogo wangu akaita wenzake. Siku ya kwanza walikuja wanane. Nilichagua kitu kinachowaangusha finalisti wengi: viunganishi, yale maneno madogo yanayofunga fraze moja na ingine. Niliandika ubaoni fraze mbili: mvua ilichelewa, mama alipanda. Tafuteni neno la katikati, la Kiswahili kwanza, kisha la Kifaransa. Nilipiga makofi, vibao vikapanda. Watano waliandika "lakini". Watatu waliandika "kwa hiyo". Wale watano wakaanza kuwacheka wale watatu, na mimi nusura niseme jibu ni "lakini", kama mwalimu wangu wa zamani. Kijana mmoja akainuka.

"Hapana, Yaya. Mvua ilichelewa, kwa hiyo mama alipanda mihogo. Mihogo haiogope jua."

Mimi, mwenye lisansi ya agronomia, nilifundishwa na finalisti. Alikuwa na haki kabisa. Muhogo unavumilia ukame kuliko mahindi. Lakini neno "mihogo" alikuwa nalo kichwani tu, halikuwa kwenye kibao. Nikamwambia: sisi wengine hatukuiona ile mihogo, iandike. Akaongeza fraze. Wa upande wa "lakini" naye akataka kuongeza yake: mama alipanda kwa sababu mbegu zingeoza. Mwisho wa saa tulikuwa na aya mbili nzuri zinazopingana. Kuandika kunaongezeka vile, mtu akikuuliza juu ya nini.

Lakini lile swali la nukta lilikuwa bado linaningoja, na jibu lake nililipata kwa mzee mmoja wa mji huu ambaye sikupata kumjua.

Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, aliyefanya kazi kwenye nyumba za wazungu kama kambo wangu, alitoa maandishi kwa ajili ya chama cha wenzake, wafanyakazi wa zamani wa nyumbani. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili. Na si Kiswahili cha vitabu vya misheni. Ni chetu, kile kinachosemwa mlangoni na sokoni, na maneno ya Kifaransa yamo ndani yake kama chumvi. Anasimulia historia ya mji tangu kuja kwa wazungu hadi siku zake, kama ilivyoonwa na wale waliopika, waliofua na waliobeba watoto wa wengine mgongoni. Hakuna aliyemwamuru. Hakuna aliyemsomea "virgil" na "pwe".

Mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha kwenye chuo kikuu chetu kwenye miaka ya 1970, aliyafanyia kazi maandishi yale na kuyatoa kwenye kitabu mwaka 1990. Nawaambia banafunzi: maandishi yenyewe yako kwenye intaneti, bure, katika mkusanyo uitwao Archives of Popular Swahili. Yatafuteni. Mkiyafungua mtaona kilichomtesa Fabian. Maneno yameshikana, mengine yamekatwa mahali pasipotegemewa, na alama za kupumzikia ni chache. Kwa jicho, mtu anapotea. Ndipo akamwomba Kalundi Mango, msaidizi wake, ayasome kwa sauti, na sauti ile ikarekodiwa. Kalundi aliposoma, maneno yakaachana kila moja na lake, fraze zikapata mwanzo na mwisho. Kile ambacho jicho lilikiona kama fujo, sikio lilikisikia kama mazungumzo ya mzee anayejua anachosema.

Niliposoma habari ile niliondoka kwenye kiti, nikaenda kuchukua lile sanduku la bati. Nilikaa na barua moja ya kambo, nikaisoma kwa sauti, polepole, jikoni, mama akiwa anasonga bukari. Mama akaacha mwiko. "Ni yeye," akasema. "Alikuwaka anasema vile vile." Barua ilikuwa juu ya deni la baiskeli, si kitu kikubwa. Lakini ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na hoja, ilikuwa hata na kejeli kidogo kwa yule mdeni. Kambo alijua kuandika. Aliandika akitegemea msomaji atakayemsoma kwa kinywa, na sisi tulimsoma kwa biki nyekundu.

Ule ukawa mchezo wetu wa pili, tukauita mchezo wa Kalundi. Nilinakili nusu ukurasa, wa Yav siku moja, wa gazeti siku ingine, au kazi ya mmoja wao mwenyewe, nikiondoa nafasi zote na nukta zote hadi ibaki nyoka moja ya herufi. Mmoja anasoma kwa sauti. Wengine wanafumba macho na kupiga kofi pale wanaposikia fraze imeisha. Makofi yakipatana, tunaweka nukta. Yakiachana, anasoma tena. Siku ya kwanza kulikuwa na kelele hadi jirani akaja kuuliza kama tumefungua kanisa.

Wiki moja mdogo wangu alikuwa ameshika. Wiki ya pili alianza kuweka nukta kila anapovuta pumzi, na fraze zake zikawa vipande vipande kama mkate ulioangukia mchanga. Nilikuwa nimemdanganya bila kujua: pumzi peke yake haitoshi, na Kifaransa hakipumui kama Kiswahili. Ilibidi tuongeze sheria. Baada ya kila kofi, mmoja anauliza, "Nani? Alifanya nini?" Ukishindwa kujibu, fraze yako haijaisha, ondoa nukta.

Pembeni kidogo: kama mnafikiri makosa ya herufi yanamzuia mtu kuwa na neno la kusema, angalieni picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mji huu mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia nzima ya nchi, picha 101, na aliandika ndani ya picha maneno ya Kifaransa ambayo mwalimu wangu angeyapa zero mara moja. Leo watu wanaandika vitabu juu ya zile picha. Simwambii mtu aandike vibaya, Exetat haina huruma ya namna hiyo. Nasema tu kwamba yeye hakurudisha karatasi nyeupe.

Si kila tulichojaribu kilifaulu. Mimi nilikuwa mtu wa Génies en herbe kwenye sekondari, yale mashindano ya maswali ya haraka yaliyotoka kwenye televisheni ya Kanada na kuenea kwenye masomo ya Kifaransa. Niliyapenda sana. Basi Jumamosi moja nilifanya mashindano ya kuandika: vikundi viwili, saa mkononi, anayemaliza aya kwanza anapata pointi, na bonbon kwa washindi. Wale watatu wenye nguvu walikula bonbon zote. Wengine walitazama. Mdogo wangu aliandika mistari miwili, akaikunja karatasi, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilimkuta sokoni kwa mama yake, amekaa nyuma ya mafungu ya makala, mikono myeusi. Akaniambia, bila hasira, "Naanza kuzoea." Lile neno lilinikata. Mbio ni nzuri kwa kujua mji mkuu wa Mongolia. Kwa kuandika, mbio zilinirudishia sembole, ila sasa ilikuwa na sukari.

Ndipo nikafikiria lukasa.

Wenye asili ya Kiluba mmesikia neno hilo kwa wazee, labda bila kuona kitu chenyewe, maana nyingi ziko kwenye majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Brooklyn Museum ya New York ina moja. Lukasa ni kibao cha mbao kinachoenea mkononi, chembamba katikati, kilichopangwa shanga na wakati mwingine kaure na misumari. Kilikuwa mali ya chama cha Mbudye, chama kilichotunza kumbukumbu za ufalme wa Waluba. Wajuzi wake waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Mwenye lukasa alikishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha kuume alipitia shanga moja baada ya ingine, akisimulia wafalme, safari, mahali patakatifu, cheo cha kila mmoja. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ingeweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga, njia. Na huyu aliwezaka kusimulia tofauti na yule, kulingana na aliyeketi mbele yake na jambo lililotakiwa siku ile.

Wazungu waliandika kwamba huku hakukuwa na maandishi. Sitaingia kwenye ubishi wa kama lukasa ni maandishi. Mimi naona kwamba ni mpango: unajua wapi pa kuanza, unajua kipi ni kikubwa na kipi kinakizunguka, unajua njia ya kutoka hapa kwenda pale. Na disertasio inawaangusha watu kwa nini, kama si kwa kukosa mpango? Walimu wanasema "fanyeni mpango kwanza", na mwanafunzi anaandika I, II, III kwenye pembe ya karatasi, kisha anaziangalia zile namba, nazo zinamwangalia.

Tulitumia kartoni ya sabuni na vifuniko vya Simba na Tembo, ambavyo havikosekani Katuba, mnacheka lakini ni kweli. Kifuniko ni hoja. Punje ya mahindi ni mfano unaosimama karibu na hoja yake. Haragi ni mtu anayekupinga. Kamba ya sisali ni kiunganishi. Unapewa mada, unaruhusiwa dakika 20 bila biki. Biki zote ziko mfukoni mwangu. Unapanga kartoni yako, unasogeza, unaondoa. Kisha unafumba macho, unapitisha kidole, unamsimulia jirani kwa Kiswahili. Jirani ana maneno mawili tu anayoruhusiwa kusema: "Juu ya nini?" na "Na kisha?" Akiuliza ukashindwa, unasogeza kifuniko au unatafuta punje. Unabadilisha jirani, unasimulia tena, na utaona simulizi imejinyoosha. Ndipo narudisha biki, na tunaandika kwa Kifaransa.

Nilimfuata mdogo wangu sokoni na kartoni yenyewe chini ya kwapa. Nilimwomba anisaidie kujaribu, kwa sababu (hiyo haikuwa uongo) sikujua kama itawezekana. Mada niliyompa ilikuwa: bei ya makala inapanda, kosa ni la nani? Alicheka. Alipanga vifuniko pale pale juu ya gunia, na wateja walipokuja walianza kubisha naye. Mama mmoja alisogeza kifuniko kwa mkono wake, akasema wenye kukata miti wasiwe wa kwanza, wa kwanza ni umeme usiofika. Mdogo wangu akakirudisha mahali pake na kumweleza yule mama juu ya nini. Sijawahi kumsikia akisema kwa nguvu vile. Jioni ile aliandika kurasa mbili. Kulikuwa na makosa ya Kifaransa kila mstari wa tatu, niliyahesabu usiku, lakini kila fraze ilikuwa na mwanzo na mwisho, na aya ya pili ilijua aya ya kwanza imesema nini.

Tuliendelea Jumamosi saba. Makosa tuliyapunguza kwa njia ya zamani, sarufi na kurudia na kurudia, na hapo sina mchezo wa kuwauzia. Siku ya disertasio alirudi mchana amechoka. Nilimuuliza ilikuwa namna gani.

"Nilichora lukasa ku goti, na kidole. Ule mwenye kutuchunga aliniangalia sawa vile mi niko mulozi."

Matokeo yalipotoka alikuwa na 56. Tulimmwagia poda hadi nywele zikawa nyeupe, na baba yake, ambaye hasemagi mengi, alikwenda mwenyewe kununua kuku. Kati ya wale wenzake wanane, wawili hawakupita, na mmoja wao ni yule kijana wa mihogo. Sielewi mpaka leo. Ameniambia atarudia, na baba yangu amekubali kuchangia ile feza. Barua za kambo tumeziweka kwenye plastiki. Kila Jumapili mmoja anasoma moja kwa sauti baada ya chakula.

Kundi jipya linaanza Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya ule mwembe. Tunahitaji kartoni, na kama kuna mwenye vifuniko vya chupa nyumbani, alete. Mahindi ninayo.